Risasi Kilo Arobaini, Fedha Bado

Kila Jumatatu asubuhi, baada ya chai, Benedict aliketi katika chumba chake cha chini huko Wadi Kabir, Maskati, akanyoosha karatasi na kumwandikia barua mtu aliyeishi ngazi ishirini na mbili juu ya kichwa chake. Angeweza kupanda. Angeweza hata kupaza sauti tu, maana dirisha la Bibi Shaikha lilikuwa wazi na kikohozi chake kilisikika mpaka barabarani. Lakini utaratibu ni utaratibu: msimamizi huandika, mwenye ardhi husoma.

Utaratibu wenyewe ulitoka Uingereza, tena Uingereza ya zamani sana. Baba yake Bibi Shaikha aliwahi kumpangisha nyumba mhandisi mmoja wa Kiingereza, na mhandisi yule alipoondoka Maskati aliacha zawadi ya kuagia: bunda la nakala za barua, zimepigwa taipu, za msimamizi mmoja wa karne ya kumi na nane aliyemwendeshea bwana wake, mwenye mashamba na machimbo, biashara ya madini ya risasi na fedha. Mtu mwingine angefungia maandazi. Bibi Shaikha, aliyesomea Kiingereza shuleni Unguja kabla hajavuka kuja Oman, alizisoma zote, akazirudia, na alipofikisha miaka sabini na sita akatangaza: "Mimi nami nna ardhi. Nnataka msimamizi."

Ardhi yenyewe ilikuwa uwanja mmoja nyuma ya nyumba, wenye gereji saba. Machimbo hayakuwepo. Risasi lakini ilikuwepo: vile vipande vizito vinavyobanwa kwenye rimu gurudumu linapobalansiwa, ambavyo baadaye hung'olewa na kutupwa. Kila gereji ilimwekea Bibi ndoo ya vipande chakavu, naye akawapelekea sahani ya halwa kila Alhamisi, na kila upande uliamini umempunja mwenzake. Bbosa, fundi magurudumu kutoka Uganda, aliviyeyusha kwenye sufuria kubwa ya chuma pembeni mwa uwanja, akamimina kwenye kalibu, zikatoka chubwi za kufungia kwenye mishipi ya kuvulia samaki. Chubwi zilipelekwa Yiti kwa Hatem, mvuvi aliyewauzia wavuvi wenzake. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara ya risasi. Ilikuwa ndogo, ila ilikuwa na miguu.

Biashara ya fedha ilikuwa na shida moja tu: fedha haikuwepo.

Benedict alikuwa ametoka Bukoba na shahada ya historia ambayo hakuna mwajiri aliyepata kuisoma hadi mstari wa mwisho. Binamu yake Conjesta, aliyefanya kazi za ndani kwa jirani, ndiye aliyempigia simu: "Kuna bibi huku anatafuta mtu anayeijua karne ya kumi na nane." Benedict alidhani anataniwa. Alipofika na kuonyeshwa lile bunda la barua, machozi yalimlenga. Aliapa moyoni kuwa msimamizi mwema kuliko yule wa Kiingereza, ambaye katika barua moja alilalamika kwamba wachimbaji wanakula sana. Mwezi wa kwanza alitengenezesha choo cha mafundi. Wa pili, alimnunulia Bbosa glavu na barakoa, akamkataza kula chapati karibu na sufuria kwa kuwa risasi ni sumu. Bbosa alitii, akala chapati akiwa ng'ambo ya barabara huku akimpungia mkono.

Msimamizi wa Kiingereza alianza kila barua kwa mvua, kisha maji yaliyojaa machimboni, kisha hali ya farasi, ndipo akaja kwenye risasi na fedha. Bibi Shaikha hakukubali kichwa hata kimoja kiachwe. Kwa hiyo Benedict aliandika hivi:

Mvua: hakuna.

Maji machimboni: bomba la gereji namba nne linavuja, fundi ameitwa.

Farasi: pikapu ilikuwa na homa, imetiwa maji kwenye rejeta, inaendelea vizuri.

Risasi: kilo arobaini.

Fedha: bado.

Katika barua za Kiingereza, risasi iliyochimbwa ardhini ilikuwa na fedha kidogo ndani yake, na yule bwana alitengenezewa kikopo cha chumvi kwa fedha ya ardhi yake mwenyewe. Bibi Shaikha hakutaka kikopo cha chumvi. Alitaka mrashi wa kunyunyizia wageni marashi, wa fedha iliyotoka Wadi Kabir. Mwezi wa tatu Benedict alimuuliza rafiki yake wa Dar aliyesomea kemia. Rafiki alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena. "Kaka, risasi hiyo ilishasafishwa kiwandani kitambo. Siku utakayokamua maziwa kwenye tofali, ndiyo siku utakayopata fedha humo."

Benedict alikusudia kumwambia Bibi Jumatatu ile ile. Alifika kwenye neno "Fedha", akaweka nukta mbili, akasikia kile kikohozi juu, halafu slipa za Bibi zikikimbilia mlangoni kuisubiri barua. Mkono ukaandika "bado" wenyewe. Neno zuri, bado. Halisemi ndiyo, halisemi hapana. Akaendelea nalo miezi mitano.

Ndipo akaja Hamdiya.

Hamdiya alikuwa binti wa pekee wa Bibi, meneja katika duka la magari kule Wattaya, mwanamke anayetembea kana kwamba lifti inataka kufunga mlango. Siku moja ya Ijumaa, baada ya chakula, alizichukua barua za Benedict, akazisoma zote kwa mpigo, kisha akaagiza msimamizi apandishwe juu.

"Mama, miezi minane," alisema, akipepea na lile furushi. "Bado, bado, bado. Hii si biashara, hii kasida."

"Kasida ina mwisho," alisema Bibi Shaikha. "Weye subira huna tokea mdogo. Ulizaliwa wiki tatu kabla ya siku zako, na ukaja unalia kwamba umechelewa."

"Benedict, wewe ndiye msomi. Huyu farasi ni nani?"

"Pikapu, Bi Hamdiya."

"Na ana homa?"

"Alikuwa nayo. Amepona."

Hamdiya alifumba macho, midomo ikichezacheza kama mtu anayehesabu hadi kumi kwa Kiarabu. "Khalas, basi. Alkhamis, baada ya alasiri, sufuria hiyo iwashwe mbele yangu. Ikitoka fedha humo, hata ya kuziba tundu la sindano, sitasema neno tena. Isipotoka, biashara imefungwa, sufuria inauzwa chuma chakavu, na Benedict namkatia tiketi ya Dar. Si kwa ubaya, mwanangu. Kijana mwenye digrii hawezi kuzeeka akiandika khabari za mvua mahali pasiponyesha."

Bibi Shaikha alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua, akaikunja tena. Hapo ndipo Benedict alipoogopa kweli, maana Bibi alikuwa na jibu kwa kila kitu, hata kwa matangazo ya redio. Eufrasia, mpishi, alikuwa amemsimulia hali ilivyokuwa kabla ya msimamizi kuja: miaka miwili Bibi alikaa kwenye kiti kimoja akiangalia televisheni iliyozimwa sauti, na uji unapoa mkononi. Siku hizi alishuka ngazi zote ishirini na mbili kila asubuhi kwenda kuzikagua ndoo. Alijua majina ya mafundi wote na magonjwa ya mama zao. Alimpigia Hatem simu kugombania uzito wa chubwi mpaka Hatem akawa anaiweka simu juu ya jiwe na kuendelea kutengeneza wavu. Kumfungia Bibi biashara ile ilikuwa kumrudisha kwenye kile kiti.

"Nenda sokoni Matrah, kanunue kipini cha fedha, kitumbukize, basi," alisema Eufrasia jikoni, akikata vitunguu. "Mbona kazi ndogo, kaka Bene?"

"Huo ni uongo, dada."

"Uongo ni ukiuza. Ukitoa bure ni upendo."

"Nikidanganya kwenye fedha, nani ataiamini tena mvua yangu?"

Eufrasia alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyekuja harusini na mwavuli wazi ndani ya nyumba. "Mvua yako ni 'hakuna', kaka. Hata mbuzi wa Wadi Kabir wanaijua."

Lakini Benedict alikuwa ameshaamua, na alipoamua jambo la haki mwili wake wote ulichoka kama aliyepanda mlima. Jumatatu aliandika: "Fedha: hakuna, wala haitakuwepo. Nimelijua hili tangu mwezi wa tatu. Neno 'bado' niliandika kwa woga, nikajidanganya kuwa ni subira. Nisamehe, Bibi. Biashara ya chubwi ni ya kweli na inafaa iendelee bila fedha, ila nitapokea lolote litakaloamuliwa." Eufrasia aliiweka barua kwenye sinia kando ya birika, akapanda.

Saa nzima ikapita. Kisha karatasi ikarudi, na nyuma yake mwandiko wa Bibi: "Barua imefika. Mbona mvua hukuandika?"

Basi. Benedict aliigeuza juu chini, akaishika dhidi ya dirisha kuona kama kuna maneno yaliyofutwa. Hayakuwepo. Aliandika kwenye kipande kingine "Mvua: hakuna", akakipeleka kwa unyonge.

Alhamisi ikafika. Bbosa aliwasha jiko la gesi baada ya alasiri, sufuria ikajaa vipande, na taratibu vikaanza kulainika na kulala. Viti vya plastiki vilipangwa hatua kumi nyuma, kwa amri ya msimamizi. Hatem alikuwa amekuja kutoka Yiti na kanzu safi. Eufrasia alileta kahawa na halwa. Benedict alivaa tai.

Kilichomgusa moyoni siku ile ni namna watu wote walivyoipenda ghafla kazi ya risasi.

Wa kwanza alikuwa Bbosa. "Boss, kimbia niletee barakoa nyingine. Hii imechoka." Barakoa ilikuwa ya jana, lakini Benedict alikimbia kwa furaha: hatimaye mtu huyu anajali mapafu yake! Aliporudi alimkuta Bbosa akipiga mluzi na kutazama angani.

Kisha Eufrasia, ambaye kwa miezi minane aliliita eneo lile "jikoni kwa shetani", alisogea na kanga yake, akainama juu ya sufuria, akakung'uta kitu. "Nzi," alisema. Benedict akamshukuru kwa usafi.

Hatem naye alitaka kuisalimia risasi. "Miaka yote naifunga kwenye mshipi, sijapata kuiona ikiwa maji," alieleza, akasimama pale na mkono mfukoni, halafu na mkono nje ya mfuko.

Hata Hamdiya! Alizunguka sufuria mara mbili akikagua usalama, kisha akamwambia Benedict akasome tarehe iliyoandikwa kwenye mtungi wa kuzimia moto, ule ulioning'inia ukutani, tena aisome kwa sauti. Benedict aliisoma yote, pamoja na anuani ya kiwanda. Alipogeuka, Hamdiya alikuwa ameshaketi, akijipepea kwa nguvu.

Mwisho Bibi Shaikha aliinuka na fimbo yake, ngumi ya kushoto imefumbwa. "Nnataka kuisomea dua. Geukeni. Dua yangu ina haya." Wote wakageuka, hata Hamdiya. Kikasikika kishindo kidogo, kama tende inayoanguka kwenye uji, kisha, "Amin. Geukeni."

Benedict alisimama mbele yao, akavuta pumzi. "Kabla hatujaanza," alisema, "nina jambo la kukiri. Fedha humu..."

"Utakiri baadaye," Bibi alimkatiza. "Bbosa, chota."

Sasa, kuna jambo moja ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelijua, wala Benedict mwenyewe, maana halikufundishwa kwenye historia. Fedha haiyeyuki kwa moto wa kuyeyushia risasi. Inahitaji moto mkali mno. Tena fedha ni nyepesi kuliko risasi. Ukiitia kwenye risasi iliyoyeyuka haizami ikapotea papo hapo kama sukari kwenye chai, ingawa risasi huila polepole. Inaelea, nzima nzima, chini ya ukoko, kama kipande cha muhogo.

Bbosa alishusha upawa wenye matundu, akaupitisha juu ya ukoko, akatoa kwanza vibanio vya chuma vya vile vipande, kama kawaida. Akaupitisha tena. Kitu kikang'aa.

"Fedha!" alipiga kelele Hatem.

Na kwa pumzi moja, pumzi moja tu, Benedict aliamini. Aliamini kwa moyo wote kwamba rafiki yake wa kemia alikosea, kwamba matofali yana maziwa, kwamba dunia ni njema kuliko vitabu. Kisha Bbosa akakimwaga kile kitu kwenye mchanga, nacho kilikuwa pete.

Wote wakaitazama.

"Mashallah," alisema Hatem. "Imetoka ikiwa tayari."

"Ina maandishi ndani," alisema Hamdiya, akichutama. "M, I, L... Milly."

"Risasi ya siku hizi imesoma," alisema Hatem.

Bbosa alikuwa amegeuka rangi ya ukoko. Milly alikuwa mchumba wake, akifanya kazi za ndani Wattaya, na uwanja mzima ulijua kwamba anamwekea pete. Akachota tena haraka haraka ili watu waache kuitazama, na hapo ndipo alipoharibu, maana upawa ulirudi umejaa. Kulikuwa na kijiko cha chai, ncha yake imelika. Kulikuwa na kikuku kidogo cha kushikizia mkanda wa khanjari, lile jambia la Kiomani. Kulikuwa na kishikio cha funguo cha fedha, kizito, chenye maneno "Meneja Bora wa Mwaka" kwa Kiarabu na nusu iliyobaki ya namba ya simu ya duka fulani la magari. Na juu ya yote, bila haya, ilikuwa sarafu ya riale ya zamani, ile yenye picha ya malkia wa videvu viwili.

Mafundi wa gereji zote saba wakasogea ukutani kuchungulia.

"Eufrasia," alisema Bibi Shaikha polepole, "kijiko hicho si changu?"

"Nilikiazima, Bibi."

"Umeniibia fedha yangu ili unipe fedha yangu?"

"Niliazima tu, Bibi."

"Hatem," alisema Hamdiya, akitafuta mtu wa kumvamia kabla hajavamiwa, "khanjari ya marehemu baba yako si ina vikuku saba?"

"Sita vinatosha," alisema Hatem, akikitazama kiatu chake. "Bi Shaikha akifunga biashara, nani atanitukana asubuhi? Nishazoea. Siku asipopiga simu, samaki hawaji."

Kisha kila mtu akakigeukia kishikio cha funguo. Hamdiya alisimama wima, akarekebisha abaya yake.

"Mwanangu," alisema Bibi. "Weye uliyetoa hukumu!"

"Mama, nilikuona Ijumaa," alisema Hamdiya, na sauti yake ikawa ndogo. "Nilipokwambia nafunga, ulikunja mtandio vile vile ulivyokuwa ukiukunja miaka miwili kwenye kile kiti. Nilifika barabarani nishajuta. Lakini nishasema, na mimi nikishasema..."

"Wiki tatu kabla ya siku zako," alisema Bibi. "Mimi ndiye niliyekuzaa, mimi nnajua."

Benedict alikuwa bado amesimama na tai yake. Alimtazama malkia wa videvu viwili, akaitazama ngumi ya kushoto ya Bibi, ambayo sasa ilikuwa wazi na tupu.

"Bibi," alisema. "Riale ni yako. Basi hukuisoma barua yangu?"

"Niliisoma mara tatu. Haikuwa na mvua."

"Lakini niliandika fedha haipo!"

"Haipo, ndiyo. Nnajua tokea mwezi wa kwanza. Nilimuuliza sonara wa Matrah, akanicheka mbele ya wateja."

"Mwezi wa kwanza! Mbona hukuniambia?"

Bibi Shaikha alimtazama kwa huruma kubwa, kama anavyotazamwa mtoto aliyevaa viatu kinyume na bado anatembea. "Nikwambieje, baba? Kila Jumatatu unaniandikia 'bado' kwa mwandiko mzuri namna ile. Nikasema, huyu kijana anaamini. Atavunjika moyo huyu. Wacha nimngoje mpaka ajue mwenyewe polepole. Hata juzi ulipoandika hakuna, nikasema, ehe, keshavunjika. Sasa nimtilie riale apate kuunga."

Bbosa ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akiwa ndani ya barakoa, ikawa kama mashine inayokataa kuwaka. Kisha Eufrasia, kisha Hatem aliyelazimika kuketi chini na kanzu yake safi, kisha mafundi wa gereji saba waliokuwa wamejipanga ukutani wakijifanya wanatafuta spana. Bibi alicheka mpaka kile kikohozi kikampata, na Hamdiya akampigapiga mgongoni, naye akicheka na kufuta macho kwa ncha ya shela. Benedict alijaribu kubaki na uso wa mtu aliyekiri kosa. Haukumkaa.

"Bi Hamdiya," alisema alipopata sauti, "mimi ndiye msimamizi. Fedha hii haikutoka kwenye risasi. Sharti lako halikutimia."

"Wee, nyamaza!" walisema watu watano kwa pamoja.

Hamdiya alikiokota kishikio chake kwa koleo, akakigeuza. "Nilisema ikitoka fedha kwenye sufuria. Imetoka. Nimeiona kwa macho yangu, na moja ina namba yangu ya ofisini. Endeleeni. Lakini nataka kichwa cha fedha kifutwe kwenye hizo barua."

"Hakifutwi," alisema Bibi.

"Mama!"

"Hakifutwi. Utaratibu ni utaratibu."

Kila mtu alirudishiwa chake. Bbosa aliisugua pete kwa mchanga na ndimu mpaka jua likazama, kisha Benedict akamwomba aipeleke kwa sonara isafishwe zaidi, na Bbosa akaipeleka. Eufrasia alikirudisha kijiko jikoni, Benedict akakitoa, kwa kuwa risasi ni sumu, Eufrasia akakirudisha, Benedict akakitoa, mwishowe kikatundikwa kwenye msumari juu ya sufuria, ncha yake ikiwa imelika, na mafundi wakawa wanakisalimia wakipita.

Jumatatu iliyofuata Benedict aliketi baada ya chai, akanyoosha karatasi. Asubuhi ile, alipokuwa akifuta kioo cha pikapu, kitu kilikuwa kimemdondokea shingoni. Akaandika:

Mvua: matone manne. Nimeyahesabu.

Maji machimboni: bomba la gereji namba nne limepona, la namba tano limeanza.

Farasi: mzima, ila anakataa kurudi nyuma.

Risasi: kilo arobaini na tatu.

Fedha: hakuna.

Alilitazama neno lile la mwisho. Lilikuwa la kweli, nalo lilikaa kwenye karatasi kama kiti kisicho na mto. Akatia sahihi, akamkabidhi Eufrasia, akasikiliza ngazi zikihesabika na slipa zikikimbilia mlangoni.

Barua ilirudi kabla chai ya Bibi haijapoa. Kwenye mvua, Bibi alikuwa ameandika: "Alhamdulillah! Hesabu tena." Na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, alikuwa amelikata neno "hakuna" mstari mmoja mnyoofu, na juu yake, kwa mwandiko wa Unguja wenye mikia mirefu, ameandika: "bado."